Kwotabeki mgeni apimwe kwa kipi: ushindi, namba au macho?

Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 2023 simu yangu iliita mara tatu mfululizo. Alikuwa shemeji yangu wa Charlotte, na sikuhitaji kupokea ili nijue anataka nini. Carolina Panthers, timu yake katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wamepoteza mechi zote sita za mwanzo wa msimu. Siku hiyo wakawafunga Houston Texans 15-13 kwa teke la mwisho la mchezo. Mimi nakaa Houston.

"Shemeji, wa kwetu kamtia adabu wa kwenu. Uso kwa uso. Una la kusema?"

Sikuwa nalo. Wa kwao ni Bryce Young, kwotabeki mgeni, yaani mrushaji wa pasi wa mwaka wa kwanza, aliyechaguliwa namba 1 kwenye drafti ya mwaka ule. Wa kwetu ni C.J. Stroud, kwotabeki mgeni vilevile, aliyechaguliwa namba 2. (Drafti ninayosema hapa ni utaratibu wa klabu kujichagulia wachezaji wanaotoka vyuoni, si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe.)

Wiki moja baadaye, tarehe 5 Novemba, saa sita mchana kwa hapa Houston na saa tatu usiku kwa Dar, Stroud aliwarushia Tampa Bay pasi za yadi 470 na tachidauni 5 (tachidauni ni kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amewahi kufikisha yadi nyingi hivyo katika mechi moja ya NFL. Tulikuwa nyuma 37-33 zikiwa zimebaki sekunde 46. Akatembea na timu yadi 75, akamaliza kwa pasi kwa Tank Dell zikiwa zimebaki sekunde 6. Mpiga teke wetu alikuwa ameumia siku hiyo, hivyo teke la pointi tatu lilipigwa na Dare Ogunbowale, ambaye kazi yake ni kukimbia na mpira. Jioni ileile, Young alicheza na Colts na pasi zake tatu zikadakwa na wapinzani. Mbili kati ya hizo zilidakwa na mtu mmoja, Kenny Moore, na zote mbili akakimbia nazo mpaka akafunga.

Safari hii mpiga simu nilikuwa mimi.

Ndani ya siku nane, kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi kamili kwamba kijana wake ndiye bora. Tangu hapo tumebishana miaka, na ubishi umenifundisha kwamba wengi wetu hatubishani kuhusu mchezaji. Tunabishana kuhusu kipimo bila kujua. Yeye ameshika ratili, mimi nimeshika futi, halafu tunagombana kwa nini hatupati jibu moja. Hapa naviweka vipimo hivyo ubavu kwa ubavu, ili ukipata kwotabeki mgeni katika timu yako ujue unashika kipi.

Kwa aliyezoea soka letu tu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua, kwa sekunde mbili au tatu, aurushe kwa nani, aukabidhi kwa mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikishindwa inaachia mpira. Mbele yake kuna ukuta wa watu watano wanene wa kumlinda. Ukuta ukivunjika, anaangushwa na mpira mkononi.

Huu ndio mwaka wao wa kwanza, 2023:

| | Young | Stroud |
|---|---|---|
| Mechi alizoanza | 16 | 15 |
| Alizoshinda | 2 | 9 |
| Pasi zilizofika | 315 kati ya 527 | 319 kati ya 499 |
| Yadi | 2,877 | 4,108 |
| Tachidauni za pasi | 11 | 23 |
| Zilizodakwa na wapinzani | 10 | 5 |
| Kuangushwa | 62 | 38 |
| Alama ya pasi | 73.7 | 100.8 |

Ukiangalia jedwali hilo peke yake, kesi imekwisha na hakimu aende nyumbani. Stroud alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa kwanza upande wa mashambulizi, na hakuna aliyelalamika. Lakini swali la shabiki ni kama kijana huyu anafaa, na jedwali linajibu swali lingine: nini kilitokea kwenye timu aliyokuwamo.

Ushindi

Hiki ndicho kipimo cha shemeji, na nakimaliza haraka kwa sababu hakina mengi. Kwotabeki hachezi ulinzi. Wapinzani wakishambulia, yeye amekaa kwenye benchi anakunywa maji. Peyton Manning alimaliza mwaka wake wa kwanza, 1998, timu ikiwa na ushindi 3 na vipigo 13. Mwaka uliofuata ikawa 13 na 3. Troy Aikman wa Dallas alianza mechi 11 mwaka 1989 na akapoteza zote 11, na baadaye akachukua Super Bowl, yaani fainali ya NFL, mara tatu. Kama Dallas wangepima kwa ushindi, wangemfukuza kabla ya Krismasi.

Na ile "uso kwa uso" ya shemeji ndiyo mbovu kuliko yote. Young na Stroud hawakuwahi kuwa uwanjani pamoja hata kwa sekunde moja. Mmoja akiingia, mwenzake anatoka.

Alama ya pasi

Hii ndiyo namba inayotokea kwenye runinga, na NFL wanaitumia tangu 1973. Inachanganya vitu vinne: asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, tachidauni, na pasi zilizodakwa. Kila kimoja kina dari na sakafu yake, ndiyo maana alama ya juu kabisa ni 158.3 na si 100 kama mtihani wa darasa la saba.

Uzuri wake ni kwamba ni rahisi kuipata na inalinganisha watu wa miaka tofauti. Ubaya wake una vituko. Chukua mtu asiyejua lolote, mvalishe kofia, mwambie kila akipewa mpira aupige chini mbele ya miguu yake mpaka mechi iishe. Hakuna pasi iliyofika, hakuna yadi, lakini pia hakuna iliyodakwa. Anaondoka na alama 39.6. Sasa mkumbuke Nathan Peterman wa Buffalo mwaka 2017 dhidi ya Chargers: pasi 14, tano zikadakwa, zote kipindi cha kwanza. Alama yake ilikuwa 17.9. Angeupiga chini mpira kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, angepata zaidi ya mara mbili.

Hicho ni kichekesho. Udhaifu wa kweli unaomuumiza au kumbeba mgeni uko kwingine: kuangushwa hakumo kwenye hesabu. Zile 62 za Young hazionekani kabisa ndani ya 73.7. Maana yake kwotabeki mwoga anaweza kuilinda alama yake kwa kukumbatia mpira na kuanguka nao badala ya kujaribu pasi ngumu. Timu inapoteza yadi nane, yeye hapotezi kitu. Mbio zake mwenyewe hazimo, na mpira ukimponyoka mkononi haumo pia.

Kisha kuna jaribio la tatu. Timu inahitaji yadi 8. Kwotabeki anatoa pasi fupi, safi, inafika, mpokeaji anaangushwa baada ya yadi 6. Kwenye alama ya pasi hilo ni jambo jema, asilimia imepanda. Uwanjani shambulizi limekufa, kwa sababu jaribio la nne kwa kawaida hutumika kuupiga mpira kwa teke, na anayefuata kuingia ni mpiga teke. Ukikaa na mtu anayejua mchezo, utamsikia anaguna pale ambapo takwimu zinapiga makofi.

Hesabu mpya za pointi

Wataalamu waliona mapengo hayo wakaja na kitu kingine. Kila hali uwanjani, yaani ni jaribio la ngapi, zimebaki yadi ngapi, uko wapi, ina wastani wa pointi ambazo timu hupata kutoka hapo, kwa kuangalia maelfu ya michezo iliyopita. Baada ya kila tukio wanauliza: je, matarajio hayo yamepanda au yameshuka, na kwa kiasi gani? Ile pasi ya yadi 6 sasa inaonekana kwa sura yake, matarajio yameshuka. Kuangushwa kunahesabiwa. Mbio zinahesabiwa. Hata muda anaokaa na mpira unapimwa, kwa sababu siku hizi wachezaji wanavaa vidude vya kufuatilia mwendo wao ndani ya pedi za mabega.

Ukinilazimisha nichague namba moja tu, nachukua hii. Lakini usiishike kama msahafu. Pointi hizo zinatengenezwa na watu 11, halafu zinaandikwa jina la mmoja. Mwaka 2023 Brock Purdy wa San Francisco, aliyekuwa mchezaji wa mwisho kabisa kuchaguliwa kwenye drafti ya 2022, namba 262, aliongoza ligi nzima kwa alama ya pasi, 113.0, na hizi hesabu mpya nazo zilimpenda. Alikuwa anawarushia nyota kama Deebo Samuel, Brandon Aiyuk na George Kittle, na mkimbiaji Christian McCaffrey yuko pembeni yake. Nusu ya Marekani ikasema ni hodari, nusu ikasema hata mjomba wangu angefanya vile na watu wale. Ubishi haukuisha, kwa sababu namba yenyewe haina uwezo wa kuumaliza. Inakuambia chakula ni kitamu. Haikuambii kama ni mpishi au ni nazi.

Tukirudi kwa vijana wetu wawili, nazi ilikuwa nyingi upande mmoja. Ili wampate Young, Panthers waliipa Chicago chaguo la 9 na la 61 la mwaka ule, chaguo la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu ya yote hayo wakampa DJ Moore, mpokeaji wao bora. Soma tena hapo. Walinunua mrushaji kwa kumuuza mdakaji. Young akabaki na Adam Thielen, mwenye miaka 33, akamtegemea kwa pasi 103. Kocha Frank Reich alifukuzwa tarehe 27 Novemba baada ya mechi 11. Kabla ya hapo alikuwa ameshaachia kazi ya kupanga mashambulizi kwa msaidizi wake Thomas Brown, akaichukua tena, kisha baada ya yeye kufukuzwa ikarudi kwa Brown. Kwotabeki anasikia maelekezo ya kocha kupitia spika ndogo ndani ya kofia, na mawasiliano hukatika saa ya kuanza kila jaribio ikibakiza sekunde 15. Kijana wa miaka 22, mwaka wa kwanza kazini, na sauti ya sikioni inabadilika mara tatu kati ya Septemba na Desemba. Huku kwetu Houston, Stroud alikuwa na kocha mmoja, mpangaji mmoja, na mpokeaji Nico Collins aliyepata yadi 1,297.

Macho

"Mimi sihitaji hesabu, mimi naona." Kila kijiwe kina mtu wa namna hii, na kwa kweli ana hoja. Jicho linaona pasi iliyotua mkononi na kudondoshwa. Linaona kwotabeki aliyesimama imara huku jitu la kilo 140 linakuja. Namba hazina mahali pa kuandika ujasiri.

Tatizo la kwanza la macho ni kamera. Runinga inaufuata mpira. Unaona pasi ilikokwenda, huoni kule ilikotakiwa kwenda. Mpokeaji aliyekuwa peke yake upande wa pili, akipunga mikono kama mtu anayesimamisha daladala, hayumo kwenye kioo. Mpaka utazame ile video ya kutoka juu inayoonyesha wachezaji wote 22, hukumu yako kuhusu maamuzi ya kwotabeki ni ya nusu uwanja.

Tatizo la pili ni kwamba jicho huja na lake. Young ana urefu wa kama sentimita 178, mfupi kwa kazi hiyo, na kila mtu alilijua hilo kabla hajarusha pasi moja. Mpira wake ukigongwa na mikono ya walinzi, watu husema "si tulisema, mfupi." Mpira wa Stroud, ambaye ni mrefu kwa sentimita 12 hivi zaidi yake, ukigongwa vilevile, ni bahati mbaya. Nimejikamata mimi mwenyewe nikifanya hivyo, na nikamshangilia shemeji aliponinyooshea kidole. Ukweli ni ukweli.

Na jicho la Marekani lina historia nzito kuliko urefu. Kwa miongo mingi wapimaji wa klabu waliwatazama makwotabeki weusi na kusema wabadilishwe nafasi, wakawe wakimbiaji au wadakaji, kwamba hawana kichwa cha kuongoza timu. Warren Moon alimaliza chuo mwaka 1978, hakuchaguliwa na klabu yoyote, akaenda Kanada, akachukua kombe la huko mara tano mfululizo na Edmonton. Ndipo Oilers, klabu ya Houston ya enzi hizo, wakamleta. Mwaka 2006 akaingia kwenye ukumbi wa wachezaji mashuhuri, kwotabeki mweusi wa kwanza. Doug Williams alishinda Super Bowl Januari 1988 na akawa mchezaji bora wa fainali. Wataalamu wale wote waliapa kwamba wanahukumu kwa walichokiona. Kwenye drafti ya 2023, watatu kati ya wanne wa kwanza kuchaguliwa walikuwa makwotabeki weusi, Young, Stroud na Anthony Richardson. Mtu akiniambia "mimi naona tu," namuuliza anaona nini hasa, na nasubiri jibu.

Yeye dhidi ya yeye

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia sasa, na kilinijia kwa Jared Goff.

Goff alichaguliwa namba 1 mwaka 2016 na Rams. Mwaka wa kwanza alianza mechi 7, akapoteza zote 7. Tachidauni 5, zilizodakwa 7, alama ya pasi 63.6, na akaangushwa mara 26. Magazeti yalishaandika mazishi yake. Mwaka uliofuata, 2017, alianza mechi 15: tachidauni 28, zilizodakwa 7, alama 100.5, akaangushwa mara 25. Angalia hiyo ya mwisho: kuangushwa 26 kwa mechi saba, halafu 25 kwa mechi kumi na tano. Mkono ni uleule, kichwa ni kilekile. Kilichobadilika ni kocha, Sean McVay aliyeajiriwa akiwa na miaka 30, mlinzi mkongwe Andrew Whitworth kwenye ukuta, na wapokeaji wapya Robert Woods na Cooper Kupp.

Sasa, kama mtu yuleyule anaweza kuwa na miaka miwili inayotofautiana namna hii, utapata wapi ujasiri wa kumlinganisha na mtu mwingine, wa timu nyingine, yenye ukuta mwingine? Josh Allen wa Buffalo alifikisha asilimia 52.8 ya pasi zake mwaka 2018, 58.8 mwaka 2019, na 69.2 mwaka 2020, mwaka alioletewa mpokeaji Stefon Diggs. Mwaka wa kati, kabla ya Diggs, alikuwa ameshapanda asilimia sita. Hapo ndipo pa kutazama. Kupanda kwa mwaka wa tatu kulikuwa na msaada wa Diggs, lakini kwa mwaka wa pili alikuwa ameshaanza kupanda bila yeye.

Kwa hiyo nina daftari, la shule la kawaida lenye mistari. Kila mechi naandika mambo matatu tu, ambayo naamini yako mkononi mwa kwotabeki kuliko mwa wenzake. La kwanza, pasi zilizodakwa mahali ambapo hapakuwa na mwenzake karibu, au alipokuwapo lakini amezungukwa. Ile iliyomgonga mpokeaji kifuani ikaruka ikadakwa siihesabu. La pili, mara alizoangushwa kwa kosa lake, alipokaa na mpira mpaka ukuta ukachoka. Nahesabu kwa mdomo: moja, mbili, tatu. Akiangushwa kabla ya tatu, si kosa lake. La tatu, jaribio la tatu: je, pasi ilirushwa kuvuka mstari unaohitajika, au alitoa ile ya kujificha ya yadi 6? Baada ya mechi nane nachora mstari, nakusanya, halafu nalinganisha na nane zinazofuata.

Si sayansi. Lakini linanipa kitu ambacho jedwali halinipi. Tarehe 8 Desemba 2024 Panthers walikuwa Philadelphia, nyuma 22-16, zimebaki chini ya dakika moja. Young akarusha pasi ndefu kwa mpokeaji Xavier Legette karibu na mstari wa kufunga. Ikatua mikononi mwake. Ikamponyoka. Panthers wakapoteza. Kwenye rekodi rasmi hiyo ni pasi isiyofika, alama ya Young inashuka, ushindi hamna. Kwenye daftari langu, mimi shabiki wa Houston, ina alama ya vema.

Na huyo ni Young ambaye miezi mitatu kabla alikuwa amewekwa benchi baada ya mechi mbili tu za msimu, vipigo vya 47-10 na 26-3, na kurudishwa kwa sababu Andy Dalton, aliyechukua nafasi yake, aliumia kidole gumba kwenye ajali ya gari. Nane za kwanza baada ya kurudi ukiziweka na nane za mwisho za 2023, ni kama watu wawili: makosa yake mwenyewe yamepungua, pasi za jaribio la tatu zimekwenda mbele. Wakati huohuo wa kwetu anashuka. Stroud wa 2024 alidakwa mara 12 badala ya 5, akaangushwa mara 52, alama ikawa 87.0. Nilimtetea kwa kusema ukuta, ukuta, ukuta. Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Mwaka jana nilipokwambia ukuta ulisema mimi nina visingizio. Mkuki kwa nguruwe, shemeji."

Hapo alinipata. Kisingizio cha mazingira lazima kitumike kwa wote wawili, na lazima kiwe na mwisho. JaMarcus Russell, namba 1 wa 2007, alipewa misimu mitatu na Raiders, akaondoka na tachidauni 18 na zilizodakwa 23. Yupo mgeni ambaye kweli hafai, na ukikaa unasubiri kocha mpya, mpokeaji mpya na ukuta mpya, utasubiri mpaka timu ihamie mji mwingine.

Basi ushike kipi?

Kama unatazama mechi moja kwa wiki na hutaki hesabu, tumia macho lakini jiwekee sharti: kabla ya kusema kitu kuhusu kijana wenu, jiulize kama ungekisema kuhusu wa timu nyingine angefanya vilevile. Sharti hilo dogo linaondoa nusu ya upuuzi.

Kama unabishana kazini na unataka namba ya haraka, chukua hizo za pointi zinazotarajiwa, na uandamanishe na idadi ya mara alizoangushwa. Alama ya pasi itumie kulinganisha mtu huyohuyo mwaka hadi mwaka, hapo haina madhara sana. Ushindi uache kwa kocha.

Kama kinachokuuma ni fedha, yaani klabu imwongeze mkataba au imwache, hapo tumia daftari na usitoe hukumu kabla ya mechi 30 hivi za kuanza. Mkataba wa mchezaji wa raundi ya kwanza ni wa miaka minne, na klabu inatakiwa kuamua kuhusu mwaka wa tano baada ya msimu wa tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee hawakuwa wanaifikiria NFL, ila hesabu imeangukia palepale. Shida ni kwamba sisi mashabiki tunatoa jembe kwenye mechi ya tatu.

Msimu wao wa tatu, 2025, Young aliwarushia Falcons yadi 448 mwezi Novemba, akavunja rekodi ya klabu iliyokuwa ya Cam Newton, kwotabeki wao wa zamani, na Panthers wakashinda kundi lao wakiwa na ushindi 8 na vipigo 9. Texans walifika mbali zaidi, lakini Januari, kwenye mtoano huko kwa Patriots, pasi nne za Stroud zilidakwa kipindi cha kwanza peke yake, na tukatoka 28-16. Simu iliita mara tatu mfululizo. Nilipokea ile ya tatu nikamwambia shemeji asubiri, sijafika ukurasa huo, naangalia kwanza ni ngapi kati ya zile nne alizozirusha mahali ambapo hapakuwa na mtu wetu.

"Angalia taratibu," akasema. "Mimi niko hapahapa."